Maji ya Chemchemi ni Maji Gani?

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, aliyejaalia kila kilicho hai kiwe na asili ya maji, na kumsalia na kumtakia amani Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aliyekuja kututoa katika hadaa na kututia katika ukweli, twasema:

Ndugu zetu Waislamu, tumeletewa swali katika darsa yetu na mmoja wa wasomaji, naye ni mtu wa biashara. Asema kwamba mtaani kwao pana watu wayatekao maji ya kisima, wakayachuja, wakayatia katika chupa na madumu, kisha wakabandika karatasi iliyoandikwa "Maji ya Chemchemi" pamoja na picha ya mlima wenye theluji kileleni. Maji hayo huuzwa kwa bei ya juu kuliko maji ya kisima yanayojulikana kwa jina lake. Yeye ameshauriwa aingie katika biashara hiyo, naye ana shaka moyoni. Auliza: Je, hiyo ni halali? Kwani maji yote si ya Mungu, na yote si yatoka chini ya ardhi?

Swali hili laonekana dogo, kwani ni habari ya neno moja lililo juu ya karatasi. Lakini ndani yake mna mambo matatu makubwa: maana ya neno, haki ya mnunuzi, na afya ya watoto wetu. Kwa hivyo tumeona tulijibu kwa urefu, ili apate faida aliyeuliza na asiyeuliza.

MAANA YA NENO

Chemchemi, kwa lugha yetu, ni mahali ambapo maji hububujika kutoka chini ya ardhi kwa nguvu zake yenyewe, pasipo mtu kuyachimbia wala kuyavuta. Jina lenyewe lina sauti ya kitu kichemkacho. Waarabu huliita pahali hapo *ain*, na neno hilo hilo ndilo waliitalo jicho, kwa kuwa maji hutoka katika ardhi kama machozi yatokavyo jichoni. Ama kisima, ambacho Waarabu hukiita *bi'r*, ni shimo alilolichimba mwanadamu mpaka akayafikia maji, kisha akayateka kwa kamba na ndoo, au kwa mashine kama ilivyo siku hizi.

Mwenyezi Mungu ametueleza asili ya jambo hili katika Surat Az-Zumar, aya ya 21, alipotukumbusha kwamba Yeye ndiye ateremshaye maji kutoka mbinguni, akayaingiza ardhini yakawa chemchemi, kisha akaotesha kwayo mimea ya rangi mbalimbali. Na wataalamu wa ardhi leo wasema jambo hilo hilo kwa maneno yao. Mvua ikinyesha, sehemu yake hupenya katika udongo na katika nyufa za mawe, ikateremka mpaka ikakutana na tabaka la mwamba au udongo mzito usiopitisha maji. Hapo haina budi kutafuta njia ya kwenda upande. Ikipata tundu katika kando ya kilima au bondeni, hutokeza nje. Na hiyo ndiyo chemchemi. Isipopata tundu, hukaa chini mpaka aje mtu aichimbie. Na hicho ndicho kisima.

Basi ndugu yetu muulizaji amesema kweli kwamba maji yote mawili ni mvua iliyozama ardhini. Lakini kuwa na asili moja hakufanyi vitu viwili kuwa na jina moja. Tende mbichi na tende kavu zatoka katika mtende mmoja, na hapana mtu akubaliye kulipia hii akapewa ile.

ZAMZAM NI KISIMA

Ikiwa pana mtu adhaniye kwamba tofauti ya chemchemi na kisima ni ushindani wa maneno tu, na aitazame Hadithi aliyoipokea Ibn Abbas (R.A.) na kutolewa na Imamu Bukhari, katika kisa cha Bibi Hajar na mwanawe Ismail. Maji yalipofoka katika bonde lile kavu, Bibi Hajar aliogopa yasimpotee, akayazungushia mchanga na kuyakusanya. Mtume (S.A.W.) alimwombea rehema mama yake Ismail, akasema kwa maana kwamba lau angaliiacha Zamzam, ingalikuwa chemchemi itiririkayo juu ya ardhi.

Tazameni, ndugu zetu, jinsi Mtume wetu alivyolitumia neno mahali pake. Maji yale ni matukufu kuliko maji yote tuyajuayo. Yalitokea kwa amri ya Mungu, wala si kwa jembe la mtu. Juu ya hayo, kwa kuwa yalizuiwa yasitiririke na kuwa ya kutekwa kutoka shimoni, umma wote tangu zama hizo hadi leo wayaita kisima cha Zamzam, *Bi'ru Zamzam*. Hapana aliyeona haya kuliita jina hilo, wala hapana aliyesema kwamba utukufu wake umepungua kwa kuitwa kisima.

Basi ikiwa Zamzam haikuhitaji jina lisilo lake ili ipendwe, kisima cha Kisauni au cha Likoni chahitajia nini jina la chemchemi?

Na kinyume chake pia ni mafunzo. Bibi Zubayda binti Jaafar, mkewe Khalifa Harun Rashid, aliyefariki mwaka 216 wa Hijra (831), alitoa mali nyingi ili maji ya Bonde la Nuuman yaletwe kwa mifereji mpaka Arafa na Makka, mahujaji wapate kunywa. Mifereji ile ilijengwa kwa mawe, nayo yapita majabali na mabonde, lakini watu wakaendelea kuyaita maji yale Ain Zubayda, yaani Chemchemi ya Zubayda. Jina hufuata maji yanakotoka. Mfereji ni njia tu.

SHERIA ZA MATAIFA NAZO ZASEMAJE

Huenda mtu akasema: hayo ni maneno ya vitabu vya dini, na biashara ya leo ina kanuni zake. Vyema, na tuzitazame kanuni hizo.

Huko Marekani, serikali iliweka mwaka 1995 maana ya maji yanayoruhusiwa kuandikwa jina la chemchemi: ni lazima yatoke katika tabaka la chini ya ardhi ambalo maji yake hufika juu yenyewe kwa maumbile. Mwenye kiwanda aruhusiwa kuyachukua kwa kutoboa ardhi, lakini kwa sharti kwamba tundu hilo liingie katika tabaka lile lile lilishalo chemchemi, na chemchemi yenyewe iwe yaendelea kububujika kwa nguvu zake. Na katika nchi za Umoja wa Ulaya, agizo la mwaka 2009 lasema kwamba jina la maji ya chemchemi ni la maji yanayonywewa katika hali yake ya asili na kutiwa katika chupa pale pale yatokapo. Hapa kwetu Kenya, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS) lina viwango mbalimbali: maji ya kunywa yaliyotiwa katika chupa yana kiwango chake, na maji ya madini ya asili yana kiwango chake kingine, wala moja halichukui jina la mwenzake.

Basi watu wa mataifa, kwa akili zao na kwa hofu ya mahakama zao, wameona kwamba neno hili lina mpaka. Yafaa Mwislamu, aliye na hofu ya Mahakama kubwa zaidi, awe nyuma yao?

MAJI YALIYOMO NYUMBANI MWETU

Na hapa twawakumbusha watu wa Mombasa jambo ambalo wengi wamelisahau. Katika mbuga ya Tsavo Magharibi pana chemchemi nne ziitwazo Mzima. Mvua inyeshayo katika vilima vya Chyulu haifanyi mito, kwa sababu vilima hivyo ni vya mawe na majivu ya volkano yenye matundu mengi. Huzama, ikapita chini kwa chini, na wataalamu wakadiria kwamba huenda ikakaa kiasi cha miaka 25 katika giza la ardhi kabla ya kutokeza Mzima, kiasi cha kilomita 50 kutoka huko, ikiwa safi kama kioo. Katika miaka ya 1950 ikafanywa kazi ya kulaza bomba lenye urefu wa zaidi ya kilomita 200 kuyaleta maji hayo pwani.

Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba mama mzee wa Kibokoni anayekinga ndoo yake mferejini alfajiri, huenda akawa ameteka maji yenye haki ya kuitwa ya chemchemi kuliko yale aliyoyanunua jirani yake dukani kwa bei ya juu, yenye picha ya mlima wa theluji usiojulikana uko nchi gani!

Twasema "huenda", wala hatusemi kwa yakini, kwani sisi nasi tumefungwa na ile kanuni tunayoihubiri. Mfereji wa Mombasa haunywi Mzima peke yake. Hupokea maji ya Marere katika vilima vya Shimba, na ya Baricho ambako huvutwa kwa visima vilivyochimbwa kando ya mto Sabaki, na ya visima vya Tiwi. Mwenye kuuza maji ya mfereji na aseme kuwa ni ya mfereji, wala asiseme ni ya Mzima illa awe ana yakini. Na kila mtu ajua kwamba mifereji ya nyumba nyingi hukauka kwa siku nyingi, na hiyo ndiyo sababu ya watu kukimbilia chupa na madumu.

Watu wa Lamu nao wana habari yao. Maji matamu wanywayo yatoka katika visima vya Shela, ambako mvua hupenya katika vilima vya mchanga ikahifadhiwa chini yake. Hayo ni maji ya visima, na hapana Mlamu aliyeyadharau kwa jina hilo. Wajua kwamba uhai wa mji wao umo ndani ya mchanga ule, na kwa hivyo ndio waupiganiao usijengwe majumba.

HUKUMU YA SHERIA

Sasa twaja kwenye hukumu. Kwanza, kuuza maji si haramu kwa dhati yake. Maji yaliyomo katika mto, au yaliyozidi katika kisima baada ya haja ya mwenyewe, Mtume (S.A.W.) amekataza watu kunyimwa. Ama maji ambayo mtu ameyateka, akayatia katika chombo chake na kuyabeba, hayo ni mali yake, na wanavyuoni wengi wamejuzisha kuyauza. Vijana wasukumao mikokoteni ya madumu katika jua la adhuhuri wala riziki ya halali, na twawaombea baraka.

Pili, ama kuyauza maji kwa jina lisilo lake, hiyo ni hadaa, na hadaa ni haramu. Hadithi aliyoitoa Imamu Muslim yajulikana na kila aliyekaa darsani: Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaona rundo la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vikapata majimaji. Alipomwuliza mwenyewe, akajibu kwamba nafaka imenyeshewa na mvua. Mtume akamwuliza kwa nini hakuiweka ile iliyolowa juu watu wakaiona, kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika yeye. Fikirini sana, ndugu zetu. Nafaka ile haikuwa sumu. Haikuwa ya wizi. Ilikuwa nafaka halali iliyonyeshewa na mvua ya Mungu. Kosa lake lilikuwa moja tu: kilichoonekana juu hakikuwa sawa na kilichokuwa chini. Na karatasi ya chupa ndiyo ile nafaka kavu iliyowekwa juu.

Tatu, mnunuzi aliyehadaiwa ana haki. Mtume (S.A.W.) amekataza kumfunga ngamia au mbuzi chuchu zake ili maziwa yajae na mnunuzi adhanie kuwa ni mnyama wa maziwa mengi. Akampa aliyemnunua hiari, baada ya kumkama, amzuie akiridhika naye, au amrudishe pamoja na pishi ya tende. Kutokana na Hadithi hii wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wametoa kanuni ya hiari katika kila bidhaa iliyopambwa kwa sifa isiyo yake. Basi aliyenunua maji kwa sharti ya kuwa ni ya chemchemi, kisha ikabainika kuwa ni ya kisima, ana haki ya kuyarudisha na kupewa fedha zake, hata kama maji hayo hayakumdhuru hata kidogo.

NYUDHURU ZA WAUZAJI

Tumewasikia watu wakijitetea kwa maneno matatu.

Wa kwanza wasema: "Chemchemi ni jina la biashara tu, kama mtu kuliita duka lake Nyota, hapana adhaniye kuwa nyota imo ndani." Twajibu: katika sheria yetu desturi ya watu huhukumu maana ya maneno yao. Jina la Nyota halimfanyi mtu alipe zaidi kwa kudhani kuwa anunua nyota. Jina la chemchemi lamfanya. Na dalili ya hayo i katika mkono wa mwuzaji mwenyewe: lau jina halina faida, mbona halifuti akaandika "Maji ya Kisima"? Amelibandika kwa kuwa ajua lauza. Na likiwa lauza, basi lalipiwa. Na kinacholipiwa ni lazima kiwepo.

Wa pili wasema: "Maji yetu yamechujwa na kutiwa dawa, ni safi kuliko ya chemchemi." Twajibu: Alhamdulillahi! Basi andikeni hivyo hivyo, kwamba ni maji ya kisima yaliyochujwa na kusafishwa. Kwa nini mwenye kitu kizuri akione haya kitu chake? Mwaka 2024 kampuni ya Nestlé Waters huko Ufaransa ilikiri kwamba maji yake yaliyouzwa kwa jina la maji ya madini ya asili yalikuwa yakisafishwa kwa mianga na kwa mkaa maalumu, mambo ambayo sheria ya huko haiyaruhusu kwa maji yenye jina hilo. Na mwaka huo huo ikakubali kulipa euro milioni 2 ili kesi ikome. Kampuni ilisema kwamba ilifanya hayo ili maji yawe salama. Lakini watu walikuwa wamelipia maji yasiyoguswa, nao wakapewa yaliyoguswa. Usafi haukuwa jibu la swali lililoulizwa.

Wa tatu wasema: "Kila mtu afanya hivyo, tukisema kweli tutafunga duka." Twajibu: mwaka 2007 kampuni ya PepsiCo ilikubali kuandika waziwazi juu ya chupa zake za Aquafina, zilizokuwa na picha ya milima, kwamba maji yake yatoka katika mfereji wa umma. Kampuni haikufunga duka. Na sisi tuna ahadi iliyo kubwa kuliko hesabu za makampuni: Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika Hadithi ya Hakim bin Hizam, kwamba mwuzaji na mnunuzi wakisema kweli na kubainisha, hubarikiwa katika biashara yao, na wakificha na kusema uongo, baraka yake hufutwa. Mtu aweza kuona fedha zinaingia asione baraka inavyotoka.

WANUNUZI NAO

Wala tusiwaelekee wauzaji peke yao. Wanunuzi nao wana kosa, nalo ni kuliabudu jina. Wengi wetu twadhani kwamba maji yakiitwa ya chemchemi, basi ni safi bila shaka. Hili si sawa. Jina la chemchemi latwambia maji yametoka wapi. Halitwambii yamepita wapi wala yamehifadhiwa vipi. Chemchemi iliyo karibu na zizi la ng'ombe au makazi ya watu yaweza kubeba maradhi, na maji safi ya Mzima yakiingia katika bomba lililopasuka kando ya mtaro mchafu huwa si safi tena.

Sheria yetu imelijua hilo zamani. Katika kitabu cha Abu Shujaa, ambacho watoto wetu wakisoma vyuoni, maji yafaayo kwa tahara yametajwa kuwa saba: ya mvua, ya bahari, ya mto, ya kisima, ya chemchemi, ya theluji na ya mvua ya mawe. Yote yamewekwa katika safu moja. Hapana aliyeambiwa kwamba udhu wake kwa maji ya chemchemi una thawabu kuliko udhu wa mwenzake kwa maji ya kisima au birika la msikiti. Kinachoangaliwa ni hali ya maji: je, yamebaki katika asili yake, au yameingiliwa na najisi? Basi ikiwa katika udhu hatuangalii ukuu wa jina, katika kunywa tuangalie nini? Tuangalie usalama wake.

Na jambo hili ndilo lituumizalo. Miji yetu imesongamana. Kisima na choo cha shimo vimekuwa majirani, na chini yao kuna mawe ya matumbawe yenye matundu, ambayo hayachuji kitu bali huyapitisha maji machafu kwa upesi. Kipindupindu kimeingia miji ya pwani si mara moja. Mwuzaji atekaye maji ya kisima cha namna hii, akayapitisha katika kitambaa na kuyapa jina la chemchemi, hakumwibia mnunuzi fedha zake tu. Amemwondolea tahadhari yake. Kwani mama mwenye mtoto mchanga, lau angalijua kuwa maji ni ya kisima, angaliyachemsha kabla ya kumkorogea maziwa mwanawe. Alipolisoma jina lile akatulia, asichemshe. Mtoto akipatwa na tumbo la kuendesha, nani aliyemnywesha? Mama kwa mkono wake, na mwuzaji kwa neno lake. Basi na ajue aliyeandika neno lile kwamba Siku ya Kiyama hataulizwa juu ya karatasi. Ataulizwa juu ya mtoto.

NASI WENYE KUFUNDISHA

Haitatufaa kulimaliza jambo hili bila ya kujitazama sisi wenyewe wenye vilemba. Watu husema fulani ni chemchemi ya elimu, na ni sifa nzuri kwa mwenye kuistahiki. Lakini elimu nayo ina asili yake na ina karatasi yake. Mwenye kusimama juu ya mimbari akalisema neno alilolisikia barazani, kisha akalibandika jina la Hadithi, ameuza kisima kwa jina la chemchemi, tena mbele ya watu wasio na chombo cha kupimia. Neno la mwanachuoni na liitwe neno la mwanachuoni. Mithali ya wazee na iitwe mithali. La Mtume (S.A.W.) liitwe la Mtume likiwa limethibiti. Tusipoyachunga haya, tutakuwa na uso gani wa kumkataza muuza madumu?

WASIA WETU

Kwa mukhtasari, twamjibu ndugu yetu muulizaji: biashara ya maji ni halali, nawe ingia kwa jina la Mungu, lakini jina la chemchemi usilitie mkono illa uwe wakijua kisima cha maneno yako, yaani pahali hasa yanapobubujika maji hayo. Ikiwa ni ya kisima, andika ya kisima na mahali kilipo. Ikiwa ni ya mfereji, andika ya mfereji. Ikiwa umeyasafisha, eleza umeyasafisha vipi, na uyapeleke kupimwa kama serikali ilivyoamuru. Picha ya mlima iondoe.

Na wanunuzi twawausia: ulizeni yalikotoka kabla ya kuuliza bei. Tazameni alama ya ubora na muhuri wa chupa, msinunue iliyofunguliwa. Maji msiyoyajua yachemsheni, hata yakiwa na jina zuri namna gani. Na wasimamizi wa misikiti, wenye visima vya wakfu, wavifunike, wavipimishe maji yake, na waweke vyoo mbali navyo, kwani hiyo ni sadaka yenye kuendelea.

Katika Surat Al-Mutaffifin, Mwenyezi Mungu ameanza kwa kuwaonya wale ambao wakijipimia kwa watu hutaka kutimiziwa, na wakiwapimia watu hupunguza. Kisha katika Sura hiyo hiyo, kuanzia aya ya 25 hata ya 28, akawasifia watu wema kinywaji safi kilichofungwa kwa muhuri, na muhuri wake ni miski, kilichochanganywa na maji ya Tasnim, nayo ni chemchemi wainywayo walio karibu Naye. Mwanzo wa Sura ni mizani ya sokoni, na ndani yake mna kinywaji chenye muhuri na chemchemi ya kweli. Mwenye akili hahitaji kuelezwa zaidi: asiyeweka ukweli katika muhuri wa chupa ya duniani, atatumaini vipi kufunguliwa muhuri ule?

Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie kauli zetu ziwe sawa na vilivyomo ndani yake, atuhifadhie maji yetu na watoto wetu, na atunyweshe katika chemchemi Zake siku ambayo hapana atakayeweza kununua maji wala kuyauza. Amin.

Wallahu aalam.